Pampu kubwa ya oili: dawa inayotibu geji badala ya injini

Ukitaka kuiongezea nguvu injini ya gari lako, iwe kwa mashindano au kwa raha zako tu, ushauri wa kwanza utakaopewa kuhusu oili unajulikana: "Weka pampu kubwa." Wa pili nao unajulikana: "Weka oili nzito." Ukiuliza kwa nini, utaoneshwa geji. Sindano ilikuwa hapa, sasa iko pale, si unaona mwenyewe? Basi, kazi imeisha, toa hela.

Leo tuuchambue ushauri huu kama tunavyochambua kitabu: unadai nini, ushahidi wake ni upi, na unafaa wapi. Msimamo wangu nausema mapema ili tusizungushane. Ushauri wenyewe si uongo mtupu, ila umeanza mahali pasipo. Unahangaika na oili inavyotoka kwenye pampu, wakati swali gumu kwenye injini ya mwendo mkali ni oili inapitia wapi na inarudije. Anayelipia tofauti hiyo ni wewe mwenye gari, siku injini inaponoki ikiwa na pampu mpya kabisa ndani.

Kwanza, pampu inafanya nini?

Watu wengi wanaamini kwamba presha ya pampu ndiyo inayoibeba kranki isigusane na beringi. Inaingia akilini, lakini siyo. Jambo hili lilijulikana tangu karne ya 19, kabla magari hayajawa biashara.

Mwaka 1883 mhandisi Mwingereza Beauchamp Tower alitoa ripoti ya majaribio aliyoyafanya kwa ajili ya Institution of Mechanical Engineers. Alikuwa akipima msuguano kwenye beringi ya ekseli ya aina ya magari ya reli, ambayo sehemu yake ya chini ilikuwa inachovya kwenye oili. Alitoboa tundu juu ya beringi ili aweke kilainishi, akashangaa kuona oili inapanda na kutoka kwenye tundu lile. Akaziba kwa kizibo, kikasukumwa nje. Akaweka cha mbao, nacho kikatoka. Alipofunga geji, ikapanda kupita paundi 200 kwa inchi ya mraba, wakati mzigo uliokuwa juu ya beringi ulikuwa wastani wa paundi 100 tu. Zingatia kwamba hapo hapakuwa na pampu yoyote. Ekseli yenyewe, kwa kuzunguka, ilikuwa inaivuta oili na kuibana kwenye nafasi nyembamba mpaka ikatengeneza presha ya kubeba mzigo. Mwaka 1886 Osborne Reynolds akatoa hesabu zinazoeleza jambo hilo, na wahandisi wa beringi wanazitumia hadi leo.

Sasa rudi kwenye injini yako. Pampu yako inatoa presha ya kilopaskali 400 au 500 hivi, yaani nusu megapaskali. Ndani ya utando wa oili kwenye beringi ya konrodi, wakati mlipuko unaisukuma pistoni chini, presha inafika makumi ya megapaskali. Pampu haiwezi hata kukaribia namba hizo. Kazi ya pampu ni ya mhudumu: kuhakikisha oili safi, isiyo na povu, inafika pale mlangoni muda wote. Kubeba mzigo ni kazi ya kranki na beringi zenyewe.

Geji inasema nini?

Chukua mpira wa kumwagilia bustani. Ubane mdomo kwa kidole. Presha ndani ya mpira inapanda, maji yanaruka mbali, lakini ndoo inachukua muda mrefu zaidi kujaa. Kama ungekuwa na geji kwenye mpira, ingekupa habari njema wakati maji yamepungua.

Geji ya oili iko hivyohivyo. Inapima ukinzani ambao oili inakutana nao mbele ya pampu. Ukiweka oili nzito, sindano inapanda kwa sababu oili inapita kwa shida zaidi, na beringi inaweza kuwa inapata oili kidogo kuliko jana. Sisemi geji haina maana. Presha ikishuka ghafla kwenye kona, geji ndiyo rafiki yako wa mwisho. Ninachokataa ni kuifanya iwe shahidi peke yake, halafu shahidi huyo aletwe na muuzaji wa pampu.

Presha nayo ina hoja yake

Tutende haki. Wanaotetea presha kubwa wana hoja moja ya kweli, na mara nyingi hawaisemi vizuri, kwa hiyo nitawasaidia.

Oili ya konrodi inapita ndani ya kranki. Inaingia kwenye shingo, yaani sehemu ya kranki inayokaa kwenye beringi kuu, kisha inafuata tundu lililotobolewa hadi kwenye konrodi. Kama tundu hilo linapita katikati ya shingo, oili inabidi isukumwe kutoka nje kuelekea katikati, huku mzunguko wenyewe unaitupa nje. Presha inayohitajika kushinda mtupo huo ni nusu ya msongamano wa oili, mara mraba wa kasi ya uso wa shingo.

Tupige hesabu. Shingo ina kipenyo cha milimita 55, na lita moja ya oili ina uzito wa gramu 850. Kwa mizunguko 4,000 kwa dakika, unahitaji kilopaskali 56, kama paundi 8 kwa inchi ya mraba. Kwa mizunguko 8,000 unahitaji kilopaskali 225, karibu paundi 33. Kwa mizunguko 10,000 ni kilopaskali 352, yaani paundi 51. Hapo bado hujaongeza kinachopotea njiani kwenye filta, kwenye kona za mifereji na kwenye beringi zenyewe.

Sasa linganisha na kanuni maarufu ya gereji: paundi 10 kwa kila mizunguko 1,000. Kwa mizunguko 4,000 inakupa paundi 40, mara tano ya mahitaji ya mtupo. Kwa 10,000 inakupa paundi 100, karibu mara mbili tu. Kanuni inapanda kwa mstari ulionyooka, mahitaji yanapanda kwa mraba. Kwa hiyo ni kanuni ya tahadhari, inakuacha salama kwenye mizunguko ya kawaida, lakini haijui chochote kuhusu kranki yako ilivyotobolewa. Kranki ambayo matundu yake hayapiti katikati inahitaji presha ndogo kuliko hiyo. Kumpa kila mtu namba moja ni sawa na kumpa kila mgonjwa dozi moja bila kumpima.

Injini moja, matatizo matatu

Maneno matupu hayatoshi, tuchukue injini yenye jina: Nissan RB26DETT. Ilitoka mwaka 1989 kwenye Skyline GT-R ya R32, silinda sita mstari mmoja, cc 2,568, turbo mbili, na ilitumika hadi R34 ilipofika mwisho mwaka 2002. Ilitengenezwa kwa lengo la mashindano ya Group A, na lengo lilitimia: GT-R ilishinda mbio zote 29 za ubingwa wa magari ya abiria wa Japani kuanzia 1990 hadi 1993, na kule Australia ikachukua Bathurst mwaka 1991 na 1992. Bloki yake ni ya chuma cha kutupwa na watu wanaitoa nguvu zaidi ya mara mbili ya zile farasi 280 zilizoandikwa kiwandani.

Injini bora namna hiyo, bado mfumo wake wa oili una mahali patatu panapolalamikiwa na kila anayeijenga kwa nguvu kubwa.

La kwanza ni pampu inavyoendeshwa. Gia ya ndani ya pampu imevaa moja kwa moja kwenye pua ya kranki na inashikwa na bapa mbili zilizochongwa. Kwenye kranki za mwanzo, sehemu ya bapa inayogusana na gia ni fupi. Kranki ya silinda sita mstari mmoja ni ndefu, na urefu huo unaifanya ijipinde na kujirudi kidogo kila silinda inapochoma; ncha ya mbele, pale pampu ilipo, ndiyo inayotikiswa zaidi. Gia za kiwandani ni za unga wa chuma uliobanwa na kuchomwa. Injini ikigonga mwisho wa mizunguko mara kwa mara, gia inaweza kupasuka. Ikipasuka, oili imekwisha hapohapo.

La pili ni hedi. Oili inapanda kwenda hedi kwa njia mbili kutoka kwenye bloki, na inatakiwa ishuke yenyewe kwa uzito wake kupitia mashimo ya kurudishia. Mashimo hayo hayako peke yake: gesi zinazopenya pembeni ya pistoni zinataka kupanda kupitia humohumo. Injini ikiongezewa turbo, gesi hizo zinaongezeka. Oili inataka kushuka, gesi inataka kupanda, mlango ni mmoja. Inayoshindwa ni oili, inabaki juu.

La tatu ni sampu. GT-R inaendesha magurudumu yote manne, na difu ya mbele imefungwa pamoja na sampu, ekseli ikipita humo. Umbo la sampu limebanwa na mahitaji hayo. Gari likipiga kona kwa nguvu inayolingana na mvutano wa dunia, uso wa oili unalala kwa nyuzi 45. Fikiria beseni la maji ulilolibeba kwenye daladala inayokata kona. Kama mrija wa kunyonya uko upande uliokauka, pampu inanyonya hewa.

Sasa leta pampu kubwa hapo

Tuseme unafunga pampu inayosukuma asilimia 30 zaidi kwa kila mzunguko, ukaacha valvu ya kupunguzia presha kama ilivyokuwa. Kwenye mizunguko ya chini utaona presha imepanda, ni kweli. Kwenye mizunguko ya juu, valvu inafunguka na ile oili ya ziada inarudishwa nyuma bila kufika kwenye beringi. Umelipia oili ya kuzungushwa, kupashwa moto na kukorogwa.

"Basi nakaza springi ya valvu." Sawa, tuipandishe presha kutoka kilopaskali 400 hadi 600. Nguvu ya kuizungusha pampu inategemea ukubwa wake mara presha: 1.3 mara 1.5 ni 1.95. Yaani zile bapa mbili fupi na gia ya unga wa chuma, ambazo tayari ndizo kiungo dhaifu, umezibebesha mzigo karibu mara mbili. Na ile njia ya kwenda hedi? Oili inayopita kwenye tundu dogo huongezeka kwa kipeuo cha pili cha presha, kwa hiyo hedi inapata asilimia 22 zaidi, wakati mashimo ya kurudi ni yaleyale.

Malizia na sampu. Kama pampu inasukuma lita 60 kwa dakika, hiyo ni lita moja kila sekunde. Sampu ya lita 5 inazunguka yote ndani ya sekunde tano. Kwenye mstari mrefu ulionyooka, unakanyaga mafuta sekunde kumi na zaidi. Oili ikichelewa juu kidogo tu, chini kunakauka. Unafika mwisho wa mstari, unashika breki, unakata kona, na ile oili kidogo iliyobaki inakimbilia ukutani.

Angalia tulichofanya: kati ya matatizo matatu, pampu kubwa pekee yake haijatibu hata moja, na mawili imeyazidisha. Lakini geji inapendeza.

Wanaoijua RB26 vizuri wanafanya kinyume. Kranki ya zamani wanaivisha kola ili bapa iwe ndefu na ishike gia yote. Gia wanaweka za chuma kigumu. Njia moja ya kwenda hedi wanaiziba, nyingine wanaiwekea kibanio chenye tundu la milimita 1.5 hivi. Mashimo ya kurudia wanayapanua, na wanatafutia gesi njia yake nyingine ya kutoka. Sampu wanaipanua na kuijengea kuta za ndani zenye milango midogo inayoruhusu oili iingie kwenye mrija isitoke. Kwa maneno mengine, kabla ya kuongeza oili, wanahakikisha iliyopo inakwenda na kurudi.

Pampu kubwa inapofaa

Kuna mahali pampu kubwa inastahili. Fundi wa mashindano mara nyingi anaongeza kidogo nafasi kati ya kranki na beringi, kwa sababu kranki inapinda na vitu vinatanuka. Oili inayovuja pembeni mwa beringi inaongezeka kwa nafasi hiyo ikizidishwa mara tatu yenyewe kwa yenyewe. Kutoka milimita 0.05 hadi 0.06 inaonekana si kitu, lakini 1.2 mara 1.2 mara 1.2 ni karibu 1.73. Umeongeza uvujaji kwa asilimia 73. Ukiongeza na turbo kubwa inayokunywa oili na kipoza oili chenye mabomba marefu, hapo pampu ya zamani inaweza kweli kuzidiwa. Kwa hiyo pampu kubwa ni jibu la hesabu ya mahitaji. Kama hesabu haijafanywa, jibu limetoka wapi?

Waliobadilisha njia

Mfano mzuri wa marekebisho yaliyoanza na swali sahihi uko Marekani, kwenye Ford 427 ya miaka ya 1960. Bloki za kwanza zilikuwa zinapeleka oili juu kwanza, kwa kamshafti na valvu, kisha kranki. Kwa gari la barabarani haina neno. Kwa mashindano ya mwendo mrefu, anayekula mwisho mezani ni yule mwenye kazi ngumu kuliko wote. Mwaka 1965 Ford walitoa bloki nyingine, ikaitwa side-oiler: mfereji mkuu ulitobolewa chini, upande wa kushoto wa bloki, na beringi kuu za kranki zikahudumiwa kwanza. Injini za 427 ndizo zilizokuwa ndani ya GT40 zilizochukua nafasi tatu za kwanza Le Mans mwaka 1966.

Wewe huwezi kutupa bloki upya, najua. Lakini kanuni unaweza kuichukua: uliza nani anakula kwanza, nani anakula mwisho, na nani anakula kupita kiasi. Kibanio cha shilingi chache kwenye njia ya hedi kinafuata fikra ileile.

Tahadhari: usinakili tu

Kosa la ushauri wa pampu kubwa linaweza kurudi kwa sura nyingine, kwa mtu kunakili marekebisho ya RB26 na kuyabandika kila mahali. Ndugu yake RB25DET ana tapeti za haidroliki, ambazo zinategemea presha ya oili kufanya kazi. Ukimwekea kibanio kidogo kama cha RB26, ambayo tapeti zake hazitumii oili kwa namna hiyo, utamnyima chakula. Hizo ni injini za familia moja. Je, Subaru yenye silinda zilizolala ubavuni, ambayo hedi zake ziko pembeni na oili hairudi chini kwa njia ileile? Usiagize dawa ya jirani.

Kabla hujatoa hela

Ningekuwa wewe, mazungumzo na fundi yangekuwa na mpangilio huu. "Fundi, kwenye kona ndefu mrija wa kunyonya unabaki ndani ya oili?" Kama hajui, kuta za ndani ya sampu zije kwanza. Bei yake ni ndogo kuliko injini. "Oili ikiwa juu inarudije, na gesi za tumbo la injini zinatokea wapi?" Kisha: "Pampu inaendeshwa na nini, na hicho kinachoiendesha kinavumilia kiasi gani?" Kisha nafasi za beringi, kwa namba, zilizopimwa kwa mikromita, zimeandikwa kwenye karatasi. Baada ya hapo ndipo mzungumze pampu, na uzito wa oili uchaguliwe kulingana na nafasi hizo na joto la injini.

Ikiwa gari ni la mashindano kwelikweli na kona hazina huruma, ipo njia ya sampu kavu: pampu za ziada zinafyonza oili kutoka chini ya injini na kuipeleka kwenye tangi refu jembamba, ambako inatulia, inatoa hewa, kisha inarudi. Porsche 911 za kupozwa kwa hewa zilitoka kiwandani na mfumo huo. Ni ghali, ndiyo, lakini inatibu tatizo lenyewe. Ukikosa fedha hizo, tangi dogo la akiba lenye presha linaweza kuzishikilia beringi zile sekunde chache ambazo pampu imevuta hewa.

Na kama fundi atajibu maswali yote manne kwa kukuonesha sindano ya geji, mshukuru, funga boneti, ondoka na hela yako mfukoni.